Hoteli Ambayo Mama Angefika

Jumamosi, 1 Desemba 2001

Umeme umekatika tangu saa nne. Cherehani yangu ni ya miguu, haunihusu. Nimemaliza sketi tatu za kwaya, zimebaki tisa. Goti la kulia linaniuma kama la Mama.

Fredi amekuja mchana, viatu vinang'aa. Mdogo wangu huyu akinitembelea bila kuitwa, ujue ana shida. Kweli. Wazazi wa Neema wamekubali kula nasi jioni ya Noeli, familia mbili meza moja, kabla mambo ya posa hayajaanza. Anataka hoteli. Si ya chai na maandazi, hoteli ya heshima, maana baba yake Neema, Mzee Laurenti, ni mwalimu mstaafu wa Kasulu, mzee wa kanisa, mtu wa kukagua mpaka kola yako. Nimtafutie mimi. Yeye ni karani bandarini, hana nafasi. Nikakubali hata hajamaliza kusema.

Nikamwuliza, na Mama? Akasema tutaona.

Kwangu hilo ni ndiyo. Mama amekula Noeli nne kambini, tangu msako ulipomkuta kijijini Mwamgongo na kumpakia kwenye boti pamoja na Warundi wengine. Hii ya tano atakula na sisi, kwenye kiti chenye mgongo, na mtu amhudumie.

Jumatatu, 3 Desemba

Nimeandika barua ya kumwombea Mama kibali cha kutoka kambini. Katekista wa kule kambini aliniambia zamani kwamba sherehe si sababu. Wanaruhusu ugonjwa au msiba. Basi nimeandika msiba. Nimemuua mjomba ambaye hatukuwahi kuwa naye, jina lake Gaspari. Mungu anisamehe, lakini nimemtendea vizuri, amekufa kwa homa fupi, ndugu wote wamemzunguka.

Barua nimempa dereva wa lori la mahindi. Sketi zimebaki sita.

Alhamisi, 6 Desemba

Ujiji. Nilifika alasiri kwa Bi Mwanaidi, aliyenipangisha chumba miaka ile ninajifunza kushona. Mfungo bado unaendelea, hoteli yake inafunguliwa jua likizama tu. Nilimkuta anasonga uji wa futari, jasho linamtoka, midomo mikavu, na bado ananitania kwamba nimekonda kwa kukosa mume.

Nimekagua kila kitu. Chumba cha ndani kina meza ndefu. Hakuna ngazi, unatoka barabarani unaingia, na goti la Mama halitasumbuka. Migebuka wa kuchoma, wali, maharage ya mawese. Katika samaki wote, migebuka ndio chakula cha Mama. Anaanza na kichwa, anakinyonya mpaka kinabaki mfupa, halafu ndiyo anakumbuka kuwa kuna wali.

Bi Mwanaidi amesema atamketisha mama yangu karibu na mlango, apate upepo. Nimerudi na furaha ya kijinga. Nimeimba njia nzima.

Ijumaa, 7 Desemba

Fredi hataki Ujiji. Anasema Mzee Laurenti hunywa bia moja na chakula, na kwa Bi Mwanaidi bia haiingii. Haya. Hilo nimelielewa. Hata hivyo angeweza kushukuru.

Jumanne, 11 Desemba

Nimepata pengine. Kwa Mama Rozi, hapo yanaposhusha magari ya Kasulu. Bia ipo. Kuku wapo, kuhe wa ziwani wapo, vitambaa vya meza ni vyeupe kweli. Mama angeshuka kwenye lori, hatua ishirini yuko mezani.

Fredi kasema kelele. Kasema vumbi. Kasema mkwe wake hawezi kula huku makonda wanatukanana dirishani. Nikamwambia mkwe wake alifundisha darasa la watoto themanini, kelele anazijua. Hakucheka.

Jumatano, 12 Desemba

KIBALI KIMETOKA. Dereva kaniletea habari mwenyewe. Siku saba, kuanzia tarehe 22 mpaka 28. Marehemu Gaspari oyee.

Nimekata kitenge cha kijani chenye ndege, nilichokificha sandukuni tangu Pasaka. Vipimo vya Mama ninavyo kichwani ila nimepunguza kiuno kidogo, kambi haimnenepeshi mtu. Nilimpigia Fredi simu kazini kumwambia. Akasema vizuri, kuna mtu anaitaka simu. Akakata.

Ijumaa, 14 Desemba

Ukumbi wa kulia wa masista. Safi, kimya, ngazi mbili tu mlangoni. Bia unaruhusiwa kuja nayo mwenyewe. Sista mpishi anajua kuoka keki yenye zabibu.

Fredi hataki. Eti masista wanauliza maswali mno. Nikamwuliza maswali gani? Akasema, dada, wewe nawe. Akabadilisha mazungumzo.

Nimechoka na huyu mtoto. Hoteli tatu! Mimi ni fundi cherehani au ni dalali?

Jumapili, 16 Desemba

Ameshachagua. Hakuniuliza. Hoteli ile ya juu ya kilima, ile ambayo wageni wakubwa wakija mjini hufikia pale. Ameshaweka na nafasi.

Baada ya misa nilikwenda kuiona. Ni nzuri, siwezi kusema uongo. Roshani yote inatazama ziwa. Lakini nimehesabu ngazi, arobaini na moja, hakuna njia nyingine. Na getini mlinzi anaandika majina na kutaka kitambulisho cha kila mtu. Mama ana kadi ya mgao na kibali cha msiba. Atamwonyesha mlinzi kipi?

Jioni nilimwambia Fredi. Akasema nisihangaike, mlinzi anamfahamu, atazungumza naye. Na ngazi? Atambeba mwenyewe mgongoni.

Nimemwamini. Nalala nikimwona anambeba.

Jumatano, 19 Desemba

Neema amekuja kujaribisha gauni lake la Noeli. Msichana mpole, ananiita wifi kwa haya, kana kwamba ameazima neno. Nilikuwa na pini mdomoni, nimepiga magoti kwenye pindo lake. Kwenye kiti pale alikuwa ameona gauni la kijani. Akauliza la nani. Kabla sijatoa pini akaendelea kusema mwenyewe, kwamba anajua sikukuu ni ngumu kwa waliofiwa, na ndiyo maana amekwenda parokia kuandikisha nia ya misa. Jumapili hii, misa ya pili. Kwa ajili ya marehemu mama yetu.

Nikamwambia rudia.

Akarudia. Alidhani nimeguswa. Akainama akanikumbatia palepale chini, na pini zangu. Fredi alimwambia siku ya kwanza kabisa walipojuana: mama yetu, Muha wa Kalinzi, alikufa sisi tukiwa wadogo.

Nimemaliza pindo. Sijui nilimalizaje. Nimelishona limepinda na sitalifumua.

Sasa nimeona. Ujiji, Mama angefika. Kwa Mama Rozi, angefika. Kwa masista, angefika. Nilikuwa namtafutia Fredi hoteli, naye alikuwa anatafuta mahali ambapo Mama hafiki. Na mimi ndiye niliyempelekea habari za ngazi na geti, nikahesabu moja moja, arobaini na moja. Mjinga mimi. Mjinga, mjinga.

Alhamisi, 20 Desemba

Nimemfuata bandarini. Alinisogeza nyuma ya bohari watu wasitusikie. Hata hakukana. Hilo ndilo lililonimaliza, angalau angekana.

Anasema Mzee Laurenti hatatoa binti kwa mkimbizi. Anasema tulikuja Tanzania tukiwa wachanga, shule tumeandikishwa Waha, kazi amepata kama Muha, na mtu mmoja akivuta uzi huo tutafumuka wote, mimi na cherehani yangu pia. Nikamwambia usinitishe na cherehani yangu. Nikamwambia mama hauawi kwa ajili ya mchumba.

Ndipo akasema kile nilichokuwa sijawahi kusikia. Siku ya msako Mwamgongo alikuwepo, alikuwa amekwenda likizo. Askari alimshika Mama mkono, akamwuliza Fredi, huyu ni mama yako? Mama alimtazama akatikisa kichwa kidogo, hivi. Fredi akajibu hapana, ni jirani.

"Mama mwenyewe alinifundisha," akasema. "Tangu tukiwa wadogo, dada. Na wewe pia."

Ni kweli. Kila asubuhi kabla ya shule, anatupaka mafuta usoni na kutuuliza: Ninyi ni akina nani? Waha. Wa wapi? Wa Kalinzi. Mama yenu anasema lugha gani? Mama hasemi sana, anaumwa koo. Tukikosea, anaanza upya.

Nilimwacha amesimama pale. Namchukia. Naandika ili kesho nisijifanye sikulisema.

Ijumaa, 21 Desemba

Nimekwenda parokia kufuta ile nia. Katibu kasafiri, daftari kalifungia. Padre yuko vigangoni mpaka Jumapili.

Basi nitampeleka Mama misa ya kwanza.

Jumamosi, 22 Desemba

Mama amefika. Kanda lake la ukili mkononi, kibali amekitia kwenye soksi. Amekonda kuliko nilivyopunguza kiuno. Kwenye lori alikataa kushikwa mkono, akashuka mwenyewe kinyumenyume, akatukana goti lake kwa Kirundi.

Ameniletea maharage. Mtu wa mgao anamletea maharage mtu wa mjini! Nilimsema, akacheka.

Swali la kwanza, Fredi yuko wapi? Nikasema kazini. La pili, Noeri tunakula wapi? Bado hawezi kutamka ile l. Nikasema Fredi anashughulikia. Amelivaa gauni, akajitazama kwenye kioo changu kidogo kipande kwa kipande, bega, kifua, pindo. Akasema ndege hawa wamenona kuliko yeye.

Sijamwambia. Sina mdomo wa kumwambia.

Jumapili, 23 Desemba

Goti lilimkatalia asubuhi. Tulitembea, tukapumzika, tukatembea. Misa ya kwanza tulikuta inatoka. Nikamwambia turudi nyumbani, Mungu ameona nia yetu. Akanitazama kama nimetukana. Miaka minne anasali chini ya turubai, leo yuko mlangoni mwa kanisa la matofali nami namwambia turudi.

Tukakaa nyuma, karibu na nguzo. Nikaomba msomaji apotelewe na karatasi. Hakupotelewa. Alisoma taratibu na kwa sauti safi: Tunamwombea marehemu Yosefina, mama yao Fredi na Konsolata, nia imetolewa na Neema.

Nilimshika Mama mkono. Hakushtuka. Mkono ulikuwa mkavu na umetulia. Kanisa zima likaitikia, apumzike kwa amani, na Mama akaitikia nao. Nilimsikia. Apumzike kwa amani. Amina.

Hakuomba tutoke. Alipokea komunyo. Akasali baada ya komunyo muda mrefu kuliko wote.

Njiani aliniuliza Neema ni nani, nikamweleza yote, nyumba moja baada ya nyingine, mpaka tukafika kwangu. Hakulia. Alivua viatu, akavipanga sawasawa, akasema:

"Nilimfundisha vizuri mno, mwana wanje."

Jumatatu, 24 Desemba

Fredi hajaja. Nimemtumia ujumbe mara mbili kupitia mtu wa bandarini. Yuko kilomita tatu kutoka hapa.

Nilisema siendi huko hotelini. Mama akasema nitakwenda. Tulibishana mchana kutwa huku anachambua maharage. Anasema harusi ikivunjika yeye hatapata kitu, atabaki kambini vilevile, tena na mtoto mwenye kinyongo. Nikasema basi nitakwenda na nitawaambia ukweli mbele ya sahani zao. Akapuliza maganda ya maharage kwenye ungo.

Jumanne, 25 Desemba

Noeli. Misa, uji, maharage. Saa kumi nimevaa. Mama amenifunga zipu. Sentensi yangu iko mdomoni tayari, fupi: Mama yetu yupo nyumbani kwangu, mtaa wa Mwanga, anaitwa Yosefina, ni Mrundi. Nimeirudia mara ishirini. Naenda.

Jumatano, 26 Desemba

Jana nilirudi sikuandika. Niandike sasa, Mama amekwenda kuchota maji ingawa nimemkataza.

Getini waliandika jina langu. Ngazi arobaini na moja, nilizihesabu tena. Fredi alikuwa juu na suti, akanipokea kwa mikono miwili kana kwamba hatukuwahi kuonana nyuma ya bohari. Viti vilikuwa saba. Watu tulikuwa saba.

Niseme ukweli kuhusu Mzee Laurenti, maana nilikwenda nimejiandaa kumchukia. Ni mtu mwema. Nilimwamkia shikamoo, akanivutia kiti yeye mwenyewe. Alikunywa ile bia yake moja. Alifundisha Kiswahili miaka mingi na bado hawezi kujizuia, mhudumu akisema "samaki zimeisha" anamsahihisha kwa upole, samaki wameisha, kijana. Kila mtu anacheka, na mhudumu naye.

Migebuka hawakuisha. Waliletwa kwenye sinia, wamechomwa vizuri, vichwa vikiwepo.

Baada ya chakula akasimama. Akasema binti yake amemwomba tumkumbuke yule ambaye angepaswa kuwa nasi mezani. Akaniomba mimi mkubwa niseme lolote kuhusu mama yetu, ili nao wamjue. Fredi akaanza kukunja kona ya kitambaa cha meza.

Nikasimama. Sentensi ilikuwepo. Lakini macho yangu yalikuwa kwenye sinia, na kilichotoka ni kingine.

"Mama anapenda migebuka wa kuchoma," nikasema. "Anaanza na kichwa."

Mzee Laurenti akainua kidole. Si kwa ubaya. Alikiinua kama anavyokiinua kwa kila mtu.

"Alipenda, mwanangu," akasema polepole. "Alikuwa akianza na kichwa." Akawaambia wengine kwamba waliofiwa hukosea hivyo, na hata yeye kwa mama yake alikosea mwaka mzima.

Fredi aliacha kukunja kitambaa. Alinitazama kwa mara ya kwanza jioni nzima. Neema alikuwa analia kwa ajili ya mtu ambaye hakuwahi kumwona, na alikuwa analia kweli. Nilikuwa na nafasi. Nafasi gani nyingine ningeitaka? Ningesema tu, hapana mzee, anapenda. Neno moja. Mdomo wangu ulifunguka.

"Alipenda," nikasema.

Na nikaendelea. Mungu wangu, niliendelea. Alikausha dagaa. Alitupaka mafuta. Alicheka sana. Hakusema sana, alikuwa anaumwa koo. Kila neno nililiweka katika wakati uliopita bila kukosea hata mara moja. Nilipokaa walipiga makofi kidogo, ya heshima. Mzee Laurenti akasema nina Kiswahili safi.

Fredi alinishika bega kushukuru. Nilimwacha anishike.

Siku sita nimekuwa nikimwita msaliti.

Nilimletea Mama samaki mmoja ndani ya karatasi. Alikuwa kitandani amekaa, amevaa gauni la ndege. Alikuwa anajaribu tu, akasema, akaanza kulivua. Nikamwambia asilivue. Akala na gauni. Alianza na kichwa.

Akaniuliza, walikuuliza habari zangu? Nikasema ndiyo. Ukawaambia nini?

Nikasema niliwaambia unapenda migebuka.

Akacheka. Akasema, hilo ni kweli.

Alhamisi, 27 Desemba

Nimemfumulia Neema lile pindo nikalishona upya. Yeye hana kosa. Fredi hajaja.

Ijumaa, 28 Desemba

Lori liliondoka saa mbili. Kibali kinaisha leo, asingeweza kuchelewa. Nimemfungia chumvi, sabuni, dagaa wa kutosha mwezi. Gauni amelikunja chini kabisa ndani ya kanda. Nilitaka alivae njiani. Akasema ametoka kuzika, watu wakimwona na ndege watauliza. Gaspari. Nilikuwa nimemsahau.

Fredi alikuja. Alisimama ng'ambo ya barabara, mbele ya duka la baiskeli, mikono mfukoni. Hakuvuka. Mama alimwona, najua alimwona, kwa sababu alinyamaza katikati ya neno. Kisha akamtazama kama anavyotazamwa mtu usiyemfahamu, akageuka, akaanza kupanda. Fredi naye akageukia baiskeli. Wanaijua vizuri kazi hiyo, wote wawili.

Nimerudi. Umeme upo. Nimefagia maganda ya maharage chini ya kitanda. Chini ya meza nimeokota mfupa wa kichwa cha samaki, umenyonywa mpaka umekuwa mweupe. Nimeuweka kwenye kopo la vifungo.

Hapa hakuna wa kunisahihisha. Mama yangu anaitwa Yosefina. Hapendi kushikwa mkono akishuka kwenye gari. Anapenda migebuka wa kuchoma. Anaanza na kichwa.